Kimombo unacho, mbona mtihani unakuangusha?

Hebu jiweke hapa kidogo. Umefundishwa kwa Kimombo tangu ukiwa mdogo wa kushika penseli kwa ngumi. Hesabu kwa Kimombo, sayansi kwa Kimombo, na hata naibu wa mwalimu mkuu alipokukemea kwa kuchelewa gwaride alikukemea kwa Kimombo. KCSE ukapata B+ ya Kiingereza. Ukaenda chuo, ukahitimu, ukaanza kazi, na kila ripoti unayoandika huko ni ya lugha hiyo hiyo. Halafu siku unaamua kutafuta riziki majuu, unaambiwa: lipa kwanza zaidi ya shilingi 20,000, tupime kama Kiingereza unakijua.

Unalipa. Tena unacheka, kwa sababu huu kwako si mtihani, ni utani. Matokeo yanakuja na umeanguka.

Yalimpata binamu yangu, muuguzi wa wodi ya watoto katika hospitali moja ya kaunti. Alifanya IELTS, ule mtihani unaoogopwa na kila anayetaka kwenda Uingereza. Kusikiliza akapata 7.0. Kusoma 7.0. Kuzungumza 7.5. Kuandika 6.0. Piga hesabu: wastani ni 6.875, na kwa kanuni za IELTS hupandishwa hadi 7.0. Kwa hiyo karatasi yake imeandikwa saba, na nyumbani tulishaanza kuulizana nani atampeleka JKIA. Kumbe baraza linalosajili wauguzi na wakunga wa Uingereza, NMC, haliangalii jumla peke yake. Linataka saba ya jumla, saba katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na angalau 6.5 katika kuandika. Alikosa nusu alama. Nusu!

Nilimuuliza kosa lilikuwa wapi. Akaniambia, "Wewe kijana, hata sijui. Niliandika vizuri kweli. Nilimalizia na methali."

Hiyo methali ikumbuke, tutairudia.

Kama unadhani ni yeye peke yake, rudi nyuma kidogo. Mnamo Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwawezesha wauguzi wetu kufanya kazi kule. Baadaye Mutahi Kagwe, aliyekuwa waziri wa Afya wakati huo, akatangaza kuwa kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, waliopita ni 10. Kumi tu. Unakumbuka mitandao ilivyowaka? Watu walicheka mpaka machozi, memu zikatengenezwa, wauguzi wakaitwa majina. Wachache sana waliuliza swali lililo wazi: inawezekanaje watu wanaoandika chati za wagonjwa kwa Kiingereza kila siku, na dawa wanazotoa hazikosewi, washindwe na Kiingereza?

Jibu langu ni kwamba hawakushindwa na Kiingereza. Walishindwa na mtihani, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Hapa kuna kitu kidogo cha kuchekesha. KCSE ya kwanza ilifanywa mwaka wa 1989. IELTS nayo ilianza 1989. Ni mitihani ya rika moja, yote inapima Kiingereza, lakini ukiiweka kando kwa kando utadhani inapima lugha mbili. Chukua karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE, ile yenye sehemu ya stadi za kuongea. Ulipimwaje kuongea? Kwa kalamu. Uliandika ni silabi ipi inayotiliwa mkazo katika neno fulani. Uliandika maneno gani yanatamkwa sawa. Ulijaza mazungumzo kwenye mistari, ukaeleza kwa maandishi jinsi ungemsogelea jukwaani mtu anayetoa hotuba. Hakuna mtahini aliyewahi kukaa mbele yako akakusikiliza ukiongea. Wala hakuna aliyewahi kukuchezea rekodi akakuambia andika ulichosikia. Umemaliza miaka kumi na miwili ya kufundishwa lugha bila mtu yeyote wa baraza la mitihani kuisikia sauti yako.

Na mwalimu si mjinga. Mtihani usipopima kitu, hakifundishwi. Una madaftari 60 ya kusahihisha na silabasi haijaisha, utapoteza vipindi viwili kwa ajili ya mdahalo usio na alama? Kwa hiyo midahalo ikawa ya Ijumaa jioni, ya wachache wenye midomo, na sisi wengine tukawa wapiga makofi.

Sasa ingia kwenye chumba cha IELTS. Kusikiliza ni kama dakika 30, maswali 40, na rekodi inachezwa mara moja tu. Hakuna kurudia. Mtu anataja jina lake, analisoma herufi kwa herufi, anatoa nambari ya simu kisha anajirekebisha katikati. Wewe umeshaandika ile ya kwanza. Alama imeenda. Umesahau kuweka wingi kwenye neno? Imeenda pia. Lafudhi nazo ni mchanganyiko: huyu wa Uingereza, yule wa Australia, na masikio yako yamezoea watangazaji wa Nairobi.

Kusoma ni dakika 60, maswali mengine 40. Kuna aina moja ya swali inayotumaliza sisi Wakenya. Unapewa sentensi, useme kama ni kweli, si kweli, au haikutajwa katika kifungu. Sema kifungu kinaeleza kahawa ilivyofika katika mji fulani, kisha sentensi inadai wenyeji waliipenda upesi. Wewe unajua watu hupenda kahawa. Unaandika kweli. Lakini kifungu hakikusema lolote kuhusu kupenda, kwa hiyo jibu ni haikutajwa. Shuleni ulisifiwa kwa kuleta ujuzi wa nje. Hapa ujuzi wa nje ni mtego.

Kuandika ndiko kaburi lenyewe. Dakika 60, kazi mbili. Katika mtihani wa kitaaluma, kazi ya kwanza ni kueleza grafu, jedwali au mchoro kwa maneno yasiyopungua 150. Unaeleza unachokiona na kukilinganisha, basi. Usiseme idadi ilishuka kwa sababu serikali ni mbovu. Labda ni mbovu kweli, lakini grafu haijasema. Kazi ya pili ni insha ya maneno yasiyopungua 250, na uzito wake ni mara mbili ya ile ya kwanza. Kwa hiyo ukitumia dakika 35 kupamba grafu, umejimaliza mwenyewe.

Insha hiyo inasahihishwa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa: je, umelijibu swali lote, je, hoja zimepangika na kushikana, je, msamiati wako ni mpana na unafaa, na je, sarufi yako ni sahihi na ina miundo tofauti tofauti. Umeona sarufi iko wapi? Ni robo. Ile sarufi tuliyochapiwa viboko, tuliyoringia kwa watu wa nchi jirani, ni robo tu ya alama.

Turudi kwa methali sasa. Nilimtafutia binamu yangu swali la mazoezi la aina ile ile: baadhi ya watu wanasema hivi, wengine wanasema vile, jadili pande zote mbili kisha toa maoni yako. Akaandika insha moja tamu sana. Ilianza na asubuhi yenye jua linalochungulia. Upande wa kwanza ukaelezwa, wa pili ukaelezwa, kisha ikafungwa kwa methali kuhusu ndovu wawili na nyasi. Nikaisoma mara mbili nikitafuta kitu kimoja. Maoni yake yalikuwa wapi? Hayakuwepo. Alidhani methali imeyasema.

Kwa mwalimu wetu wa insha wa shule ya msingi, ile ingepata 36 kwa 40 na kusomwa mbele ya darasa. Tulifundishwa kwamba insha nzuri ni ile iliyopambwa. Tulikariri mianzo na miisho, tukazibandika popote. Mtahini wa IELTS hatafuti mapambo. Anatafuta ulisema nini, kwa nini, na mfano uko wapi. Sehemu ya swali isipojibiwa, kigezo cha kwanza kinaporomoka, na jua lako linalochungulia halitakuokoa.

Kuzungumza kunachukua dakika 11 hadi 14, wewe na mtahini mmoja, na mnarekodiwa. Unaulizwa kuhusu kwenu, kazi na mambo unayopenda. Kisha unapewa kadi yenye mada, dakika moja ya kujiandaa, na unatakiwa kuongea peke yako hadi dakika mbili. Halafu mnaingia maswali mazito zaidi yanayohusiana na mada hiyo. Hapa Mkenya hufa kwa adabu. Tumelelewa kumjibu mtu mzima kwa ufupi na macho chini. Ukiulizwa kama unapenda mtaa wenu unasema, ndiyo, ni mzuri, asante. Mtahini anasubiri. Wewe unasubiri. Sekunde zinapita na hajasikia lugha ya kutosha kukupa alama. Hakutaka kujua kama mtaa ni mzuri. Alitaka kukusikia ukieleza zile ghorofa zinazoota kila wiki na maji yanayokuja Jumanne usiku.

Na tafadhali, usianze kutweng'a. Lafudhi yako ya Meru, ya Kisumu au ya Kilifi haikatwi alama mradi unaeleweka. Lafudhi ya kukopa inachosha mdomo, na kufikia dakika ya tano itakuwa imekutoroka.

Kimya chetu hicho kina historia. Kama ulisoma kijijini, au wazazi wako walisoma huko, unaijua hadithi ya kibao kilichovishwa shingoni mwa mtoto aliyepatikana akiongea lugha ya mama. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika kuhusu aibu hiyo mwaka wa 1986, na wengi wetu tuliovaa baada yake tulijua hasa alichomaanisha. Watu wa sera nao walikuwa na imani zao. Mnamo 1961, hapo jirani Makerere, kulifanyika mkutano wa nchi za Jumuiya ya Madola kuhusu kufundisha Kiingereza. Msomi Robert Phillipson, katika kitabu chake cha 1992, alizichambua imani zilizojitokeza pale: kwamba Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza pekee, kwamba mwalimu bora ni mzawa wa lugha hiyo, kwamba mtoto akianza mapema zaidi na kupewa kingi zaidi ndio vizuri, na kwamba lugha nyingine zikitumiwa sana viwango vitashuka. Yeye aliziita dhana potofu. Sisi tulizipata kama kanuni za shule. Matokeo yake ni watu wanaokijua Kiingereza lakini wanakiongea kama anayevuka barabara ya Thika, kwa kuangalia pande zote, wakiogopa kugongwa na kosa.

Najua unachotaka kuuliza. Kwa nini nifanye mtihani wa lugha ambayo katiba yangu, kifungu cha 7, imeitaja kuwa rasmi pamoja na Kiswahili? Swali lako ni zuri na halina jibu la heshima. Serikali ya Uingereza ina orodha ya nchi inazoziona kuwa za wazungumzaji wa Kiingereza, ambazo raia wake hawaombwi mtihani kwa ajili ya viza. Jamaica imo. Malta imo. Guyana imo. Nchi huru ya Afrika hakuna hata moja. Vijana wa Nigeria walipigia kelele jambo hili na wana haki. Canada angalau inawabana wote: anayeomba ukaazi kupitia mpango wa Express Entry hufanya mtihani hata kama amezaliwa London.

Lakini sitakudanganya kwamba kupima lugha ni ubaguzi mtupu. Binamu yangu mwenyewe anakubali. Usiku wa manane, muuguzi wa zamu moja akimwambia wa zamu nyingine kipimo cha dawa kwa simu, tofauti kati ya kumi na tano na hamsini katika Kiingereza ni silabi moja tu. Anayelala kitandani ni mtoto wa mtu. Lugha inafaa kupimwa. Ninalolalamikia ni kwamba mhudumu wa wodi anapimwa kwa grafu za uzalishaji wa chuma, matokeo yanaharibika baada ya miaka miwili kana kwamba Kiingereza ni maziwa, na gharama ni ileile ukipita au ukianguka.

Sasa tuongee pesa zako, kwa sababu hapo ndipo watu wanaumia.

Ukishaanguka, mtu wa kwanza atakayekupigia simu ni wa kukuuzia darasa. Kuwa makini. Vitabu vingi vya mtihani huu vimeandikiwa mtu ambaye Kiingereza kwake ni lugha ya kigeni kabisa, ambaye hakuwahi kukisikia sokoni wala kwenye matatu. Wewe si huyo. Ukilipia miezi mitatu ya kufundishwa nyakati za vitenzi upya, umenunua dawa ya ugonjwa usiokuwa nao. Unachohitaji ni mtu wa kukusahihishia insha kumi kwa vigezo vile vinne na kukuambia ukweli, na saa ya kukukimbiza. Sampuli za mtihani zinapatikana bure kwenye tovuti za wenye mtihani. Maktaba ya kitaifa ina meza na kimya. Simu yako ina kinasa sauti.

Wa pili kukupigia atakuambia ana cheti bila mtihani, lipa tu. Mkatie simu. Taasisi za kule huyathibitisha matokeo moja kwa moja kwenye mfumo wa wenye mtihani, na ukipatikana umedanganya katika ombi la viza ya Uingereza unaweza kufungiwa nje miaka kumi.

Kabla hujalipa chochote, andika baruapepe huko unakokwenda. Vyuo kadhaa vya Uingereza hukubali alama yako ya Kiingereza ya KCSE badala ya IELTS, ingawa kiwango wanachotaka hutofautiana. Nawajua watu waliolipia mtihani ambao hakuna aliyewaomba. Kama wewe ni wa afya, kuna mtihani mwingine unaoitwa OET, ambapo insha ni barua ya kumhamisha au kumpeleka mgonjwa kwa mtaalamu mwingine, na mazungumzo ni kati yako na mtu anayeigiza mgonjwa. NMC inaukubali. Ni ghali kuliko IELTS, hilo nakuambia mapema, lakini baadhi ya wauguzi huuona ni lugha wanayoiishi tayari.

Ukiona alama yako ya kuandika au kuzungumza haifanani na ulichofanya, una wiki sita za kuomba isahihishwe upya. Unalipa, na ikibadilika unarudishiwa pesa. Kwa wanaofanya kwa kompyuta kuna pia mpango wa kurudia stadi moja, ila si kila taasisi inaukubali, kwa hiyo uliza kwanza.

Halafu kuna hili ambalo binamu yangu hakuambiwa na yeyote, nikalipata kwa kusoma masharti ya NMC usiku mmoja nikiwa na bando la usiku. Tangu 2023 baraza hilo linakubali kuunganisha matokeo ya mitihani miwili iliyofanywa ndani ya miezi 12, mradi katika mara zote mbili hakuna stadi iliyoshuka zaidi ya nusu alama chini ya kiwango. Yaani ile 6.0 yake haikuwa takataka. Kusikiliza, kusoma na kuzungumza alishavuka. Mara ya pili anahitaji 6.5 ya kuandika, na zile nyingine zisishuke chini ya 6.5. Nilipompigia kumweleza, alinyamaza muda mrefu. Alikuwa ameshaanza kuuliza bei ya duka la kukodisha hapo kwao.

Siku hizi akitoka zamu ya usiku anaandika insha moja kabla ya kulala, dakika 40, simu ikiwa imezimwa. Ananitumia picha kwenye WhatsApp na mimi naisoma nikiwa kwenye matatu. Ya kwanza ilikuwa na jua linalochungulia. Ya nne ilikuwa na methali bado, nikamkemea, akaniambia nisimkosee heshima, yeye ndiye mkubwa. Juzi imekuja ya tisa. Sentensi yake ya pili inasema wazi anaunga mkono upande gani, na aya ya tatu ina mfano kutoka wodini ambao ulinifanya nipitwe na steji yangu.

Mtihani ni Jumamosi ya wiki ijayo.